Jinsi Khubaib wa Kuze Alivyochagua Rauta na Kuling'oa Pazia la Msalani

Njooni, enyi wa Kuze, nanyi mliotoka kwingine mkapata pa kukaa! Songeni barazani, aliye na kikombe akiweke chini, aliye na simu aizime, na aliye na shughuli aitangulize, yeye ataifuata. Hapa hapasimuliwi vita vya Mreno wala kuanguka kwa ngome, mambo hayo yana wenyewe na wameshayasema mpaka wakachoka. Hapa panasimuliwa jambo zito kuliko hayo, lililotikisa kichochoro kizima kutoka msikitini hadi kwa muuza mkaa, nalo ni jinsi Khubaib bin Athmani, seremala, simba wa mvule, bwana wa patasi na randa, alivyochagua rauta.

Na asiyejua rauta ni kitu gani asione haya, kwani hata masultani waliotawala pwani hii waliishi wakafa bila kuijua. Ni mota ya umeme iliyoshika jino la chuma mdomoni. Jino huzunguka kwa kasi likala ubao, na lilipopita huacha mfuo ulionyooka, ambao kwa patasi ungemla fundi asubuhi nzima na nusu ya subira yake. Wapo mafundi wanaoishika mkononi na kuitembeza juu ya ubao. Wapo wanaoipindua kichwa chini na kuitundika chini ya meza, jino likachungulia juu kupitia tundu, kisha ubao ndio ukatembezwa. Mkononi au mezani: hapo ndipo ilipozuka fitina yote mtakayoisikia.

Khubaib alikuwa fundi wa milango, mwana wa fundi wa milango. Kazi yake ilisimama Kuze, ikasimama Makadara, ikafika hata Kizingo kwenye majumba yenye bustani, ambako watu hupita milangoni mwao mara mbili tu kwa siku, wakienda garini na wakitoka garini. Wateja walimsifu, wapita njia walisimama wakapapasa mbao zake. Lakini nyumbani kwake mwenyewe, ghorofani juu ya karakana yake, msalani hapakuwa na mlango. Palikuwa na Pazia.

Enyi wasikilizaji, msilidharau Pazia lile! Lilikuwa la kijani, lina maua mekundu makubwa kama sahani, na lilikuja kama mgeni wa wiki moja, pale mlango wa zamani ulipooza kwa maji. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukazaa mwaka, na Pazia likakaa kitako likatawala. Upepo ukiingia kwa dirisha la ukumbini lilijaa, likanyanyuka, likaonyesha miguu ya aliye ndani na aina ya makubadhi aliyovaa. Aliye ndani hakuwa na budi kukohoa mfululizo, ili aliye nje ajue pana mtu. Majirani waliosikia vikohozi vile walileta tangawizi na asali, na hapana aliyethubutu kuwaambia ukweli.

Sasa mkewe Khubaib, Mahira binti Salimu, alikuwa na mama, naye ni Bi Mwanakuu wa Lamu, mwanamke wa haiba, mwenye sauti ndogo iliyotiiwa na watu wakubwa. Alipokuja Mombasa mara ya mwisho alipanda ngazi, akanywa chai, akalitazama Pazia, na Pazia likapepea likamtazama. Kisha akasema kwa upole mwingi kuwa atakwenda kulala Kizingo kwa mwanawe Zakariya, kwa kuwa huko kuna hewa. Mahira hakuuliza ni hewa gani. Mnajua wenyewe haya iliyopo baina ya mwanamume na mama wa mkewe: hawali sinia moja, hawakai chumba kimoja wakanyoosha miguu. Sembuse kutengwa na kitambaa cha maua, mmoja akikohoa ndani na mwingine akijifanya hasikii nje!

Ikawa siku ya Jumatatu, asubuhi, khabari ikaja kwa simu. Mahira akashuka hadi karakana, akasimama mbele ya mumewe, akanena.

"Babake Nasiha, mamangu yuwaja Alhamisi."

"Karibu yake," akasema Khubaib, na randa ikamsimama mkononi.

"Nisikize. Tangu unioe, mamangu hajalala kwangu hata usiku mmoja. Nimekaa nawe kwa raha na kwa dhiki, sikukwambia kitu. Leo nakwambia. Nataka mamangu alale kwangu, niamke nimpikie uji wake, nimkande miguu yake, maana mtu mzima huyu na sijui nimebakiwa naye safari ngapi. Mlango ukiwako, atalala. Usipokuwako atakwenda Kizingo, nami nitakwenda naye. Si kwa hasira. Ni kwa kuwa nimemkosa."

Maneno yale yalimchoma Khubaib kuliko kibanzi chini ya ukucha. Alimpenda sana mkewe, naye aliona haya, haya ya mtu aliyewatilia watu wote milango akamwacha wake mlangoni mwa upepo. Akaweka mkono kifuani akasema, "Mamake Nasiha, Alhamisi Pazia lile halitaiona magharibi."

Mtauliza, na ni haki yenu: fundi wa milango ashindwe na mlango mmoja? Basi jueni kuwa bega lake la kulia lilikuwa limechakaa kwa patasi. Kwa wateja alijikaza, na zamu ya nyumbani ilipofika, bega lilikuwa halina nguvu iliyobaki. Alikuwa ametangaza barazani, mbele ya mashahidi, kuwa mlango wa msala wake utakuwa wa kwanza kuchongwa kwa rauta. Lakini rauta yenyewe hakuinunua, kwa kuwa hakujua achague ipi. Akichukua nyepesi ya mkononi, haitastahimili kutundikwa mezani na kulishwa mvule kutwa. Akichukua nzito ya mezani, siku atakayotaka kuishika mkononi, bega litabaki dukani. Kwa hiyo akawa anachagua. Alichagua masika, akachagua vuli, akafunga Ramadhani akichagua na akala Idi akichagua. Meza ya kuitundikia aliiunda mapema, nayo ikangoja katikati ya karakana na tundu lake wazi, kama bwana harusi aliyeambiwa bibi harusi bado yuwavaa.

Jioni ile ile baraza kuu likakutana mbele ya karakana, na wajumbe wake walikuwa wawili: Faraj, mshona kanzu, na Kamaludin, aliyefanya kazi bandarini mpaka akastaafu. Wote wawili hawakuwahi kupigilia msumari ukaingia wima. Kwa sababu hiyo walikuwa na uhakika.

Faraj akainuka, akajikung'uta nyuzi, akasema, "Enyi wenzangu! Mimi nimekaa mbele ya cherahani umri wangu wote, na sijaona siku moja cherahani ikatembea juu ya nguo. Cherahani hukaa, nguo ikaenda. Ndiyo maana mishono yangu imenyooka, na kanzu zangu mwazijua. Khubaib, nakuusia kwa Mola wako: nunua ya mezani, kubwa, nzito, uitundike, ikae kwa adabu yake. Ubao nao wende!"

"Astaghfirullah!" akapaza sauti Kamaludin, naye akasimama, na baraza likawa finyu. "Nimeona meli mimi, wewe umeona mikono ya kanzu. Meli hutia nanga ikatulia, na winchi ndiyo huiendea. Umeona wapi meli ikazungushwa mbele ya winchi, hata ikiwa ndogo? Kizito hukaa, chepesi kikatembea. Ubao ni meli yako, Khubaib. Nunua ya mkononi, nyepesi, uiendee shehena yako pale ilipo!"

Wakajibizana mpaka kahawa ikapoa, huyu akitaja pindo, huyu akitaja makontena. Khubaib alisikiliza akaona Faraj ana haki. Akasikiliza tena akaona Kamaludin ana haki. Moyo wake ukawa unakwenda huku na huko hadi bega likaanza kumuuma kwa fikra tu. Ndipo dirisha la juu likafunguka, sauti ya Mahira ikashuka.

"Alhamisi!"

Dirisha likafungwa, na baraza likavunjika bila azimio.

Kulipokucha Jumanne, Khubaib alivaa kanzu safi, akatia kofia yake ya viua, akashika njia ya Makadara, akiwapita wauza viazi vya karai na madereva wa tuktuk waliomwita bila kujua wanamwita nani. Huko palikuwa na duka la vifaa, na dukani alikuwako Rispah, mzaliwa wa bara, mwanamke wa mwili mzima na subira nzima. Alikuwa amemwona Khubaib akija kuchagua mara nyingi mno, hata akamwekea kiti chake karibu na feni.

"Fundi, kiti chako kile pale," akasema bila kuinua macho. "Leo pia umekuja kuangalia?"

"Dada Rispah," akasema Khubaib, na sauti yake ikajaa duka, "mara zote nilizokuja nilikuja kuangalia. Leo nimekuja kukata shauri. Ziteremshe!"

Mteja aliyekuwa akipimiwa misumari akasahau ni ya inchi ngapi. Rispah akaivua miwani yake, akamtazama fundi usoni kuona kama ana homa, kisha akapanda ngazi na kuziteremsha mashine, akazipanga juu ya kaunta.

La kwanza lilikuwa jitu: mota nene, shingo pana ya kushikia meno manene, na kitufe cha kupunguzia kasi, kwani jino kubwa likizungushwa mbio hupoteza adabu. Khubaib akapiga bismillahi akalinyanyua. Lilipofika usawa wa kifua, bega likamnong'oneza maneno ambayo kwa heshima yenu hayatarudiwa. Akalishusha taratibu, akilisifu ili lisione vibaya.

La pili lilikuwa jepesi, ladhidhi, lililokaa kiganjani kama nazi iliyofuliwa. Khubaib akalipenda pale pale. "Na nikilitundika mezani, likale mvule kutwa, litaweza?"

"Litakula," akasema Rispah. "Halafu litanuka. Halafu utarudi hapa umenikasirikia mimi."

Ndipo akalisogeza la tatu, ambalo Khubaib alikuwa akilipita siku zote, kwa kuwa halikuwa kubwa la kutisha wala dogo la kupendeza. Lilikuwa mota moja yenye vitako viwili. Kitako cha kwanza kilikuwa kifupi, cha kukazwa kwa skrubu chini ya meza kikae hapo daima. Cha pili kilikuwa na vishikio viwili na springi, ukikiweka juu ya ubao na kukikandamiza, jino linazama, ukikiachia linainuka. Ulilegeza kibano kimoja tu, mota ikatoka huku ikaingia kule. Uzito wake ulikuwa wa wastani, shingo yake ilikubali jino nene na jembamba, na ulipoiwasha, Rispah akaonyesha, haikukurupuka kama punda aliyechomwa. Ilianza kwa upole, ndipo ikapanda.

Khubaib akainyanyua. Bega likanyamaza. Akaigeuza kichwa chini, akaitazama kwa jicho moja. Akailegeza, akaikaza, akaitoa, akaitia. Kijasho chembamba kilimtoka na feni inampiga, kwa kuwa mtu akishachagua hana tena cha kujitetea nacho.

"Hii," akasema.

"Fundi, umechagua kweli?"

"Nimechagua."

Rispah akazunguka kaunta, akakaa kwenye kile kiti karibu na feni, akashusha pumzi. Mteja wa misumari akapiga makofi.

Kule Kuze kila mjumbe wa baraza alidai ushindi. Faraj alikishika kitako kifupi akasema, "Nilisema ya mezani." Kamaludin akakishika chenye vishikio akasema, "Nilisema ya mkononi." Khubaib akakaza kile kifupi chini ya meza yake iliyongoja, kwa kuwa meza ilikuwako naye aliionea huruma, na kile kingine akakirudisha sandukuni, akasukuma sanduku chini ya benchi. Siku ya Jumatano umeme ulikatika kutwa. Akaitumia siku hiyo kukata mbao kwa msumeno na kuzipiga randa: miimo miwili mirefu ya kusimama, vipande vifupi vya kulala baina yake, na paneli za katikati, ambazo aliziacha nene kidogo. Kilichobaki ni kuchonga mifuo ya kuzishikia. Mvule ulikuwa ndio ule tu, hapana kipande cha akiba.

Hapa niliposimama, enyi wasikilizaji, kohoeni sasa, kwa kuwa baadaye hamtapata nafasi. Tumefika vitani.

Karakana ya Khubaib ilikuwa nyembamba, na meza ilikaa katikati yake. Ubao mfupi uliweza kupita juu ya jino ukaishia ndani. Lakini mwimo wa mlango, mrefu kuliko mtu, ulipokwisha nusu ulikuwa umeshafika dirishani, na ili umalizike ulikuwa hauna budi kutoka nje, kukatiza kichochoro, na kuingia kwa dirisha la pili linalokabili. Dirisha hilo ni la jiko la Bi Mwanaesha, mjane wa nyumba ya heshima, jirani mwema kuliko wote waliowahi kuumbwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa. Khubaib alikuwa ameshamwomba ruhusa.

"Ingiza mwanangu, ingiza," alikuwa amesema. "Lakini piga hodi. Pengine niko kichwa wazi."

Alhamisi, baada ya chai ya asubuhi, Khubaib akaiwasha rauta. Ikalia kwa upole, ikapanda, ikanguruma. Kuku wa kichochoro wakahama mtaa. Vipande vifupi vikapita kimoja baada ya kimoja, na mfuo ukatoka safi, umenyooka, mtamu wa kuutazama, hata Khubaib akacheka peke yake kama mtoto. Kisha akaunyanyua mwimo wa kwanza, akaulisha. Ukaenda. Ukafika dirishani, ukatoka kwenye jua, ukapita juu ya vichwa vya Faraj na Kamaludin, ukalielekea dirisha la Bi Mwanaesha kama mkuki.

"Hodiii!" akapaza sauti Khubaib.

Na hapo mkono wake ukasimama. Ni nani aliyelelewa Kuze akapiga hodi kisha akaingia bila kungoja jibu? Ubao ukasimama. Jino halikusimama.

"Karibu!" likaja jibu. "Nani huyo?"

"Mimi Khubaib! Na ubao!"

"Ahlan, ahlan! Hujambo mwanangu?"

"Sijambo, mama! Shikamoo!"

"Marahaba! Mahira hajambo?"

"Hajambo, mama!"

"Na Nasiha huko Malindi, na mumewe?"

"Hawajambo wote, alhamdulillahi!" Moshi ulikuwa umeanza kupanda kutoka tunduni. Mvule ukisimama juu ya jino linalozunguka huungua, na fundi alilijua hilo. Alijua pia kuwa swichi iko chini ya meza, na mikono yake yote miwili imeshika ubao. "Mama, naomba nisukume kidogo!"

"Na bega lako?"

"Lina nafuu, mama! Nasukuma!"

"Ngoja, usisukume, usivute! Mtu hataingia kwangu akatoka bila kula, hata awe ubao." Na Bi Mwanaesha akaiweka juu ya ncha ya mwimo sahani ya mahamri ya moto, na pembeni yake kibakuli cha mbaazi za nazi. "Haya, mrudishe pole pole, asimwage!"

Ndipo shujaa wetu aliposhikwa kati. Akisukuma, mbaazi zamwagikia jiko la mjane. Akivuta, zamwagikia kanzu ya Faraj. Akisimama, mlango wateketea. Akasimama. Harufu ya moshi ikapanda hadi ghorofani. Kule chini Faraj akapiga kelele, "Ubao wende! Nilisema ubao wende!" Lakini Kamaludin, mtu wa bandari, alijua shehena ikining'inia hufanywa nini. Akapanda juu ya baraza, akanyoosha mikono, akaiteremsha sahani, akakiteremsha na kibakuli, bila kumwaga tone. Kisha, kwa kuwa ushuru ni ushuru, akala hamri moja.

Khubaib akauvuta mwimo ndani, akaizima rauta, akatazama. Pembeni mwa mfuo palikuwa na jeraha jeusi, pana kama kidole, palipoungua na kulika ubao ulipotetemeka. Akakaa chini juu ya unga wa mbao. Aulishe tena? Bi Mwanaesha alikuwa ameshasimama dirishani akiuliza kama mgeni wake atarudi, maana hajampa chai. Amwambie mama wa watu asimsalimie? Kuze hii? Afadhali mlango wote uwe mkaa. Na kule juu simu ya Mahira ikalia, naye Khubaib akasikia kila neno.

"Zakariya? Amefika? Alhamdulillahi... Mpeleke kwako akale, apumzike. Baada ya alasiri mlete." Kimya kidogo. "Mizigo?" Kimya kirefu. "Mizigo ikae garini kwanza."

Mizigo ikae garini! Hilo lilimuumiza kuliko jeraha la ubao. Mkewe hakuwa na hakika naye, na hakuwa na kosa.

Mahira akashuka na kikombe cha chai. Akaliona doa, akamwona mumewe chini, asiseme "nilikwambia", ingawa alikuwa na haki nalo. Akakaa juu ya sanduku lililotokeza chini ya benchi, akampa chai, akasema kwa sauti ya kuchoka, "Kwani huu ubao lazima wende kwa watu? Hauwezi kukaa kwao?"

Khubaib akamtazama. Akalitazama sanduku alilolikalia.

"Mahira," akasema, na hakusema mamake Nasiha, "inuka."

Akalivuta sanduku, akalifungua, akakitoa kitako cha pili chenye vishikio. Akapiga magoti chini ya meza, akalegeza kibano, mota ikatoka; akaitia juu ya kitako kipya, akaikaza. Akatoa jino jembamba, akatia nene, lenye unene wa kulimeza doa lile lote. Akaulaza mwimo juu ya benchi, akaubana kwa jiriwa ncha hii na ncha ile, akafunga ubao mwembamba kando yake uwe mwongozo. Ubao ukakaa kwao. Ikawa mashine ndiyo yenye kusafiri.

"Ya Latifu," akasema, akaiwasha.

Akaizamisha, akaisukuma kinyume cha mzunguko wa jino, kama ipasavyo, hatua kwa hatua, kutoka kichwani hadi mguuni. Ilinguruma mikononi mwake lakini haikumshinda, na bega, lile bega la lawama, likafuata bila neno. Doa jeusi likalika. Unga mweusi ukaruka, kisha ukaruka wa kahawia, kisha wa dhahabu, na ilipofika mwisho hapakuwa na doa. Palikuwa na mfuo mpana, safi, unaong'aa. Mahira akapitisha kidole ndani yake kutoka mwanzo hadi mwisho, akatabasamu, na Khubaib akajiona kijana.

Akauchonga mwimo wa pili mfuo kama huo. Vipande vifupi navyo akavipanua mifuo kwa jino lile lile, na paneli alizoziacha nene, akazipiga randa kidogo tu, zikaingia zikakaa kama zilizaliwa humo. Adhuhuri ikapita. Faraj alishika gundi, Kamaludin alishika nyundo, na kwa mara ya kwanza katika tarekhe ya baraza lile hapana aliyetoa hotuba. Wakaupandisha mlango kwa ngazi ile nyembamba, ukiwa wima, ukiwa wa kulala, wakiuombea. Bawaba zikakazwa, na komeo la shaba likatiwa. Na alasiri ilipoadhiniwa, Khubaib akanyoosha mkono wake, akalishika Pazia kwa maua yake, akaling'oa. Vipete vikalia juu ya sakafu.

Gari la Zakariya likasimama mwisho wa kichochoro, kwa kuwa gari haliingii Kuze. Bi Mwanakuu akaja kwa miguu, na buibui lake na mwendo wake wa utulivu. Khubaib akamwamkia kwa adabu akiwa ameinamisha kichwa, kisha akakimbia, ndiyo, shujaa alikimbia, akajitia karakana, kwa kuwa haikumpasa awe juu saa kama ile. Zakariya akakaa barazani na funguo za gari mkononi. Faraj akapewa nafasi, Kamaludin akapewa nafasi, hata Bi Mwanaesha alikuwa dirishani, amejitanda leso. Hapana aliyesema kinachongojwa, na hapana asiyekijua.

Juu vikombe viligongana. Sauti ndogo ya Lamu ikauliza kitu. Nyayo zikapita ukumbini, taratibu, zikafika, zikasimama. Khubaib alishika benchi kwa mikono miwili. Aliwaza bawaba, aliwaza gundi kama imekauka, aliwaza mizigo iliyomo garini.

Kla!

Ni komeo. Baada ya hapo hakikusikika kitu chochote. Hapakuwa na kikohozi.

Mahira akatokea juu ya ngazi. Alikuwa akicheka na machozi yakimtoka, yote pamoja.

"Kafunga," akasema.

Kisha akakimbilia dirishani, akaitoa sauti ambayo kichochoro kile hakijaisikia kwake tangu siku ya harusi yake. "Zakariya! Teremsha mizigo!"

Ndipo Bi Mwanaesha akapiga vigelegele, na jikoni kwingine wakaitikia bila kujua ni harusi ya nani. Faraj na Kamaludin wakakumbatiana, kisha wakakumbuka kuwa bado hawajakubaliana, wakaachana. Bi Mwanakuu alilala kwa bintiye usiku ule na nyingi nyingine. Alipoulizwa na wa Kizingo kwa nini haji, alijibu kuwa Kuze kuna hewa.

Nalo Pazia, adui mkuu, mtawala wa miaka, halikutupwa. Mahira alilifua, akalipiga pasi, akalishusha karakana mwenyewe, na hadi leo, kazi ikiisha, rauta yenye vitako viwili hufunikwa kwa maua yale mekundu isiingie vumbi. Pitieni mkalione. Na watoto wenu wakiwauliza ni jambo gani kubwa lililotukia Kuze katika siku zenu, waambieni, mkiwa mmesimama: ilikuwa Alhamisi, baada ya alasiri, Bi Mwanakuu wa Lamu aliingia msalani kwa Khubaib, akafunga mlango.